Mawe Matatu ya Korongo la Nkanyi

Mwondoa jiwe ndiye mfungua maji.

Mmemsikia mama Eliafie akimwambia maneno hayo dereva asubuhi ya leo, pale kwenye kona. Dereva yule alikuwa amekokota matawi yaliyowekwa barabarani kuonya magari na kuyatupa kando kwa sababu yalimchelewesha, na lori bovu bado limelala upande wa pili wa kona hiyo. Mkacheka, kwa kuwa hamkuona jiwe wala maji. Sasa mnaniuliza msemo huu ulitoka wapi. Ulitoka hapa hapa Vuchendwa, wajukuu zangu, na siku ulipozaliwa hakuna aliyecheka. Nitawapa kama nilivyopewa na mama yangu, maana yeye alikuwamo.

Zamani hizo barabara ya gari ilikuwa haijapanda mlimani. Aliyetaka kufika Vuchendwa alianza kutembea alfajiri, akavuka mabonde mawili, akaingia kijijini magoti yakimtetemeka. Nyumba zote zilikuwa za mawe. Mashamba nayo yalishikwa na kuta za mawe, moja juu ya nyingine kama ngazi, kwani bila kuta hizo mvua moja tu ingeyabeba yote hadi tambarare. Kwetu jiwe halikuwa pambo. Lilishika paa, lilishika shamba, lilimshika mtoto asidondoke gengeni.

Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukingia maji ya chemchemi, limezungushiwa ukuta. Siku ya zamu, mlinzi wa ndiva alichomoa kizibo kwa mti mrefu, na maji yakashuka kwa kishindo kupitia korongo la Nkanyi mpaka mashamba ya maharage kule chini. Korongo hilo mnalijua. Kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ukiinua uso unaona mbingu nyembamba kama mshipi. Lakini humo ndimo ulimokuwa udongo mzuri wa kufinyangia vyungu, na wanawake wetu walikuwa wafinyanzi. Maji yalikuwa na haja ya kupita humo, na watu walikuwa na haja ya kuingia humo. Waliotutangulia wakatafuta namna.

Mdomoni mwa korongo kuna mwamba mweusi, bapa, unaofika kiunoni mwa mtu. Kila aliyeingia korongoni aliokota jiwe jeupe la kadiri ya ngumi, akaliweka juu ya mwamba ule. Akitoka, alilitoa lake kwa mkono wake mwenyewe na kulirudisha chini. Kutoka ukutani kwa ndiva, mlinzi aliuona mwamba wote. Akiona jeupe hata moja, hakuchomoa kizibo, hata kama maharage yalikuwa yanakufa. Akiuona mweusi mtupu, alichomoa. Mume hakuruhusiwa kulitoa jiwe la mkewe, wala mama la mwanawe. Mtoto aliyecheza na mawe yale alichapwa mpaka akasahau kucheza. Huo ndio uliokuwa ulinzi wetu wote. Hatukuwa na kengele wala baragumu. Tulikuwa na mawe, na watu wanaoyaheshimu.

Mwaka ulipozaliwa msemo huu, mlinzi alikuwa Kiondo, mtu mrefu, mzito wa kusema. Mkewe aliitwa Nakiete, na vyungu vyake vilifuatwa kutoka vijiji vya ng'ambo. Walikuwa wamekaa miaka tisa bila kupata mtoto, na mara kwa mara majirani waliwasikia wakigombana. Mtu akisikia ugomvi wa jirani kupitia ukutani hujiona ameijua ndoa yake. Kumbe wale wawili walikuwa wakigombana na kupikiana, wakigombana na kungojana njiani. Hayo ya pili hayakupita ukutani.

Jambo jingine mlijue sasa, maana lisipoeleweka hamtaelewa lolote. Tangu enzi maji yalifunguliwa kila siku ya nne. Mwaka huo jua lilikaza, na wazee wakakubaliana yafunguliwe kila siku ya tatu, machache machache, kabla hayajakaukia bwawani. Kila mtu wa Vuchendwa aliijua zamu mpya, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Mcharo. Alizaliwa hapa, akafinyangwa na mlima huu, kisha akaenda kusomea ualimu huko chini, akakaa miaka miwili bila kurudi. Aliporudi alikuja na wenzake sita wa chuoni. Walikuwa kwenye matembezi ya likizo: walitaka kuona mabonde, makorongo na vijiji vya mawe walivyosikia habari zake. Walifika Jumanne. Maji yalikuwa yamefunguliwa jana yake, Jumatatu, na Mcharo aliona mwenyewe matope mabichi mashambani walipokuwa wanapanda. Jumatano aliwazungusha. Aliwaonyesha magofu ya kijiji cha kale kule juu, aliwaonyesha nyumba ya babu yake ambayo jiwe lake la kizingiti lilibebwa na watu kumi na wawili. Alikuwa na fahari, na ilikuwa haki yake. Tatizo lilikuwa kwamba fahari yake ilikuwa na mlango ambao wenzake walikuwa na ufunguo wake. Wakistaajabu, alipanda juu. Wakicheka, alianguka.

Alhamisi, jua likielekea utosini, wakateremka hadi mdomoni mwa korongo. Juu ya mwamba mweusi palikuwa na mawe matatu meupe.

Kulikuwa na kijana wa mjini aitwaye Twaha, mcheshi wa kundi. Aliyainamia mawe yale, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mwalimu Mcharo, na hii nayo ni nini? Madhabahu?"

"Ni mwamba tu."

"Mwamba umetaga mayai matatu. Mnayaatamia kwa zamu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mcharo naye akajaribu kucheka.

"Ni mambo ya wazee," alisema.

"Ya wazee peke yao? Mbona wewe umepitia mbali kama mtu aliyeona nyoka?"

"Sikupita mbali."

"Umepita mbali, bwana, nimekuona. Sawa, tuwaheshimu wazee wa watu. Lakini tumbo langu halina dini. Hapa ndipo mahali pekee penye meza tangu tuanze safari, na meza ina wenyewe. Tuwaombe ruhusa, au utatuombea wewe unayejua lugha yao?"

Mcharo alipiga hesabu kichwani. Jumatatu maji yalifunguliwa, kwa hiyo yatafunguliwa tena Ijumaa. Leo ni Alhamisi. Kwa zamu aliyoijua yeye, hesabu ilikuwa sahihi. Basi akanyoosha mkono, akayafagia mawe yote matatu kwa mpigo mmoja, yakaanguka majanini.

"Kuleni," alisema. "Ni mawe tu."

Wakafungua viazi vitamu walivyochemshiwa na mama yake Mcharo, wakamenya, wakala, wakayaacha maganda juu ya mwamba. Walipoinuka kuendelea na njia ya juu, Mcharo alibaki nyuma kidogo. Aliyatazama mawe. Baadaye alikiri kwamba aliwaza kuyarudisha, na kwamba isingechukua muda wa kumeza mate. Lakini Twaha alikuwa amegeuka anamtazama, uso tayari kwa kicheko. Mcharo akawafuata.

Kiondo hakuliona hata moja la hayo. Alikuwa nyuma ya ndiva akizoa mchanga kwenye mfereji wa chemchemi. Asubuhi alikuwa ameyaona mawe matatu, na alijua la kwanza ni la Nakiete, kwa kuwa walikuwa wameamka pamoja na akamwona akichukua kamba na jembe dogo la kuchimbia udongo. Alipomaliza mfereji alipanda ukutani, akakinga macho kwa kiganja, akatazama chini. Mwamba ulikuwa mweusi. Maganda ya viazi, rangi ya udongo, hayakuonekana kwa umbali ule. Alifurahi kidogo, ndivyo alivyosema baadaye, akafikiri mkewe amewahi kutoka na sasa yuko jikoni. Akashika mti, akachomoa.

Korongoni walikuwamo watatu: Nakiete, Nanzia aliyekuwa bibi harusi wa miezi miwili, na mama yangu, Namkunda, msichana wa miaka kumi na minane ambaye hakuwa amefikiri kama atakuja kuwa mama wa mtu. Walikuwa wamechimba vya kutosha. Nakiete alikuwa amejifunga mzigo wa udongo mgongoni kwa kitambaa kilicholowa, fundo kifuani. Mama yangu alikuwa amepanda ukingoni, juu kidogo ya vichwa vyao, akikata mzabibu wa mwituni wa kufungia mzigo wake.

Alisema kwanza alisikia kama mbuzi wengi wanakimbia juu ya mawe. Kisha upepo ukatangulia, upepo baridi, ukaupeperusha ukaya kichwani mwa Nanzia. Nakiete alijua. Alikuwa mke wa mlinzi, aliijua sauti ile kuliko yeyote. Hakupiga kelele. Alisema, "Namkunda, usishuke," na huku vidole vyake vinahangaika na lile fundo. Fundo lililolowa halifunguki kwa haraka. Mama yangu aliyaona maji yakikata kona, ya kahawia, yamebeba matawi na mawe, yamejaa toka ukuta hadi ukuta. Nanzia alimshika Nakiete mkono. Mama yangu akafumba macho. Alipoyafumbua palikuwa na maji tu, na yaliendelea kupita kwa muda mrefu, kwa sababu ndiva ilikuwa na maji ya siku tatu.

Nanzia alipatikana amekwama kati ya mawe mawili. Nakiete alipatikana chini kabisa, katikati ya shamba la maharage lililokuwa likiyangoja maji yale. Mzigo wa udongo ulikuwa bado mgongoni. Maharage yalikuwa yamekunywa.

Waliwazika Ijumaa asubuhi. Baada ya mazishi watu hawakurudi majumbani. Walikwenda uani kwa Kiondo, wakaketi kwa kuizunguka nyumba yake, na hapo ndipo kesi iliposikilizwa. Sheria ya mlima ilikuwa hivi: mlinzi akifungua maji jiwe likiwa mwambani, nyumba yake inabomolewa jiwe kwa jiwe, naye anashushwa mlimani bila kitu, na jina lake halipewi mtoto tena. Vijana walikuwa wamesimama kando ya ukuta kabla hata neno halijasemwa. Wengine walikuwa wameweka viganja juu ya mawe ya safu ya kwanza.

Mcharo na wenzake walikuwapo. Walisimama nyuma, mizigo miguuni, maana walikuwa waondoke siku hiyo. Mcharo alikuwa anajua tangu jioni ya Alhamisi waliporudi na kukuta vilio. Alikuwa amechimba makaburi na watu. Alikuwa amembebea mumewe Nanzia maji ya kunywa. Hakuwa amesema.

Aliyeuliza alikuwa Shangali, kaka yake Nakiete.

"Shemeji, nijibu mbele ya watu. Jana asubuhi uliyaona mawe?"

"Niliyaona," alisema Kiondo. "Matatu."

"Ulijua moja ni la dada yangu?"

"Nilijua."

"Na mchana?"

"Mwamba ulikuwa mtupu."

"Kwa hiyo mawe yalitembea."

Kiondo aliugeukia mlango wa nyumba yake.

"Miaka tisa tunawasikia," alisema Shangali. "Miaka tisa. Halafu siku moja mawe yanaota miguu."

Watu wakanung'unika. Mzee Kajiru, mkubwa wa ukoo, akamwuliza Kiondo kama ana shahidi. Kiondo akasema shahidi wake ni macho yake, na kwamba wakitaka kubomoa wabomoe, kwa kuwa nyumba hana haja nayo tena. Maneno hayo yalimdhuru. Watu wenye hasira wakimwona mtu hajitetei, husema amekiri. Jiwe la kwanza likainuliwa ukutani, likatupwa chini.

Hapo mama yangu akasimama. Nyayo zake zilikuwa zimechanika alipokwea kutoka korongoni, zimefungwa vitambaa.

"Tuliyaweka," alisema. "Mimi niliweka la mwisho. Lina mstari mwekundu. Kama yalitembea, hayakufika mbali. Mtu akatazame."

Shangali mwenyewe alikwenda na wazee wawili. Waliporudi, Shangali alikuwa amekunja pembe za shuka yake. Akaifungua mbele ya Mzee Kajiru. Mawe matatu meupe yakadondoka, moja lina mstari mwekundu, na baada yake maganda ya viazi.

"Mawe yalikuwa majanini," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Maganda yalikuwa juu ya mwamba."

Hakuna mtu wa Vuchendwa aliyewahi kula juu ya mwamba ule. Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea nyuma, kwa wageni. Twaha alikuwa amekwisha kupiga hatua mbele.

"Mimi ndiye niliyesema tuna njaa," alisema. "Mimi ndiye niliyecheka. Wazee wangu, hatukujua."

"Ninyi hamkujua," alisema Mzee Kajiru. "Nakuamini, mwanangu. Nani kati yenu alijua?"

Mcharo akatoka katikati yao. Hakulia. Kiburi kilikuwa bado kimemshika shingo, maana kiburi ndicho cha mwisho kufa.

"Niliyaondoa mimi," alisema. "Nilihesabu siku. Kwa hesabu yangu maji yalikuwa ya leo, si ya jana. Hakuna aliyeniambia zamu imebadilishwa. Nimekosa, nakubali. Lakini sikuushika mti. Sikuchomoa kizibo. Mzee Kiondo angeweza kushuka akatazama. Angeweza kuita. Mimi niliondoa mawe tu."

"Mawe tu," alisema Mzee Kajiru, kama mtu anayeonja chakula.

Watu walianza kubishana. Wapo waliosema kosa ni la Mcharo, wapo waliosema mkono ni mkono, na mkono uliochomoa ni wa Kiondo. Shangali alikuwa amesimama kati ya hao wote, hajui pa kuipeleka hasira yake. Akarudi ukutani, akashika jiwe la pili.

"Shangali. Acha jiwe hilo."

Aliyesema alikuwa Bi Navoneiwa, mama yake Nakiete. Alikuwa ameketi amewapa watu mgongo na kujifunika kanga kichwani, kwa sababu kwa desturi yetu mama mkwe hatazamani na mkwewe. Tangu maiti iletwe hakuwa amesema neno. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kuibomoa nyumba ile kwa meno, alikuwa yeye.

"Mama, mkono wake ndio uliofungua," alisema Shangali.

"Mkono wake ulifuata macho yake, na macho yake yaliufuata mwamba. Ndivyo tulivyomfundisha. Angeuona mwamba mtupu akakataa kufungua, mngemwita mwendawazimu, na ninyi ndio mngekuwa wa kwanza kulilia maharage." Akaivuta kanga mbele ya uso. "Mimi pia nilikuwa nikiuangalia mwamba ule kutoka uani kwangu. Nilipouona mtupu jana, niliinjika chungu. Nilijua mwanangu anakuja kula. Huyu mtoto aliufanya mwamba useme uongo, na sisi sote tukauamini. Msiniulize nani alishika mti. Mwondoa jiwe ndiye mfungua maji."

Shangali akalirudisha jiwe ukutani. Alilipanga vizuri, akalikaza kwa kijiwe kidogo, kama fundi.

Wageni waliruhusiwa kuondoka. Mcharo hakuondoka nao. Hukumu yake haikuwa kubomolewa nyumba, kwa kuwa hakuwa na nyumba. Kiondo alikuwa amesafishwa jina, lakini wazee walipomwambia arudi ndivani, alitazama mikono yake, akasema wamemwondolea lawama, ila mti hatauweza. Mwezi ule ule alishuka tambarare kwa hiari yake, na huko alikufa. Basi Mzee Kajiru akamkabidhi Mcharo mti wa ndiva. Watu walipinga. Mzee akauliza nani mwingine atautazama mwamba ule vizuri kuliko yeye.

Mcharo hakupata kuwa mwalimu. Alikuwa mlinzi wa ndiva kwa miaka thelathini na mmoja, na mimi nilimwona kwa macho yangu, mtu mkimya, amekonda. Kila siku ya zamu, hata mwamba ukiwa mtupu, aliteremka akaingia korongoni toka mwisho hadi mwisho, akiita. Kisha alipanda tena ndipo akafungua. Maji yalichelewa, na watu wa chini walimchukia kwa hilo. Siku moja kijana mmoja mwenye shamba alimfokea mbele yetu.

"Mzee Mcharo, mwamba huo hapo, mtupu. Unatafuta nini mle ndani?"

"Mwamba mtupu hauniambii kwamba hakuna mtu," alijibu. "Unaniambia hakuna jiwe."

"Nani atathubutu kuondoa jiwe la watu siku hizi?"

Mcharo hakukasirika. Alianza kuteremka, na tukamsikia akiita mle ndani, bila kutaja jina la mtu, sauti ikigonga kuta na kurudi. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia karibu ndiye aliyemjibu kijana, bila kuinua mgongo:

"Mwondoa jiwe ndiye mfungua maji."